Kitenge Alichokiacha Juu ya Mkwe Wake

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kimanga, mjini Uvira. Sidonie Kashindi amebana chupa ya jeli kwapani ili ipate joto. Kwa mkono wa pili anafuta sonda, kile kichwa cha mashine atakachokipitisha juu ya matumbo ya watu hadi mchana.

Umeme umekatika tangu juzi. Betri ya sola inatosha mashine peke yake, kwa hiyo feni imesimama na taa imezimwa. Chumba ni kidogo. Kina kitanda, pazia la kijani na kiti kimoja kisichokaliwa na mtu. Kiti hicho kilikuwa cha Octave, mwenzake wa kazi, aliyevuka kwenda Burundi mwezi wa pili na hajarudi.

Nje, kwenye benchi, wamekaa wanawake saba wajawazito na mwanaume mmoja. Mwanaume huyo amepakata mkoba wa kike.

Watu wa Uvira wanaijua mbinu hiyo. Kipimo hiki cha kuona ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, ambacho hapa kila mtu anakiita eko, kinahesabiwa kuwa cha wajawazito. Mwanaume akiandikiwa eko na daktari, anakuja na mkoba wa mke wake ili aonekane anamsindikiza mtu.

"Papa, mama iko wapi?" anauliza Bernardine, mama wa tumbo la miezi minane aliyekaa karibu naye.

"Anakuja."

"Tangu saa moja anakuja tu. Ao weye njo uko na mimba?"

"Iko ya kwanza," anajibu mwanaume. "Njo maana naogopa."

Benchi lote linacheka. Yeye hacheki. Anasogea mwishoni kabisa na kuwaacha wote wapite mbele yake.

Sidonie anafungua mlango na kuanza kuita majina. Anaita kwa sauti, jina la mtu na la baba yake, kama mwalimu wa shule. Macho yake yanapofika mwisho wa benchi, yanashuka chini.

Mwanaume wa mkoba ni Marcellin Ngendakumana, mwenye umri wa miaka 39, mkulima wa mpunga kutoka Katogota. Sidonie hajawahi kulitamka jina hilo kwa mdomo wake. Huyo ni baba mkwe wake.

Kwa umri wamepitana miaka mitatu tu. Lakini baba mzazi wa mume wake alifariki mapema, na siku ya harusi aliyekaa kwenye kiti cha baba alikuwa mdogo wake, Ngendakumana. Tangu siku ile, katika ukoo huo wa Warundi wa bonde la Ruzizi, yeye ndiye baba. Mukazana, yaani mke wa mtoto, halitaji jina la baba mkwe. Hali naye sahani moja. Hapiti mbele yake akiwa amekaa. Kuuona mwili wake ni jambo ambalo halikuwa hata na katazo lake, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba linaweza kutokea.

Leo Ngendakumana amekuja kupimwa. Na Sidonie ana neno la kumwambia kabla hajamgusa.

"Kuna kitu nilikosea mwaka jana," alikuwa ameliambia gazeti hili kwa sauti ndogo asubuhi, kabla ya kufungua mlango. "Yeye hajui. Kule Rugenge kwa mama mkwe hawajui. Nikimwambia anaweza kuamka na kuondoka, na hakuna mwingine wa kumpima. Nikinyamaza nitaendelea hivi nilivyo. Nimechoka kuwa hivi nilivyo."

Kwa nini basi asipime kwanza, halafu aseme?

"Matokeo yakiwa mazuri, ataona nimejificha nyuma ya furaha yake. Yakiwa mabaya, nitakuwa namuongezea mzigo. Nitasema kabla."

Sidonie ana umri wa miaka 36. Alizaliwa Lemera, milimani, katika familia ya Wafuliiru Waprotestanti. Alisomea uuguzi, kisha akajifunza eko kwa miezi sita mjini Bukavu. Ameshika sonda kwa miaka kumi na moja. Kituo hiki cha binafsi kilikuwa na wapimaji watatu. Amebaki yeye. Tangu mwezi wa pili wa mwaka huu wa 2025 amelipwa mshahara mara tatu, na kwa siku anapima watu ishirini au zaidi.

Mashine nyingine anazozijua mjini zimesimama. Moja iliibwa. Nyingine sonda yake imepasuka, na ya kuibadilisha hainunuliwi hapa.

Taabu ya Ngendakumana ilianza mwezi wa nne wa mwaka jana. Alishuka kutoka Katogota akiwa na homa za jioni, maumivu ya mgongo na suruali iliyokuwa inamwanguka kiunoni. Dokta Sévère, daktari wa upasuaji anayefanya kazi katika hospitali nyingine ya mji, alimwandikia eko ya tumbo.

Octave alikuwa na ruhusa siku hiyo. Sidonie alipofungua mlango na kumkuta baba mkwe amesimama, alitamani kufunga tena.

Mama mkwe wake, Concilie, alikuwa amemsindikiza shemeji yake. Ndiye aliyetoa kitenge kutoka kwenye mkoba. Wakamlaza mgonjwa, wakamfunika kuanzia kitovuni hadi vidoleni, na Sidonie akapima sehemu iliyobaki wazi.

Aliona ini, akaona figo, akaona bandama. Karibu na mshipa mkubwa wa damu, mbele ya uti wa mgongo, aliona tezi tatu zilizovimba. Kubwa ilikuwa na milimita ishirini na nane. Katika bonde la Ruzizi, homa, kukonda na tezi za tumboni vikikutana, wazo la kwanza ni kifua kikuu cha tumbo. Ndivyo alivyoandika. Dokta Sévère akatoa dawa za miezi sita.

Hakushusha kitenge. Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, anasema, angeshusha.

"Bukavu mwalimu wetu alitufundisha jambo moja hadi tukachoka kulisikia. Mwanaume akiwa na tezi pale juu, shuka chini ukaangalie. Mimi nilijua. Sitasema sikujua."

Sababu ya somo hilo ni rahisi. Korodani za mtoto wa kiume huanzia tumboni, karibu na figo, kabla hajazaliwa. Kisha hushuka polepole hadi kwenye mfuko wake. Hata zikishuka, njia zake za limfu, yale majimaji ya mwili yanayopitia kwenye tezi, hubaki zimeungana na kule zilikotoka. Ugonjwa ukianza chini, tezi za juu ndizo zinazovimba. Na mara nyingine korodani moja haishuki. Inabaki njiani au tumboni, kwenye joto lisiloifaa, na miaka ikipita inaweza kugeuka saratani bila mtu kuishika kwa mkono.

Wiki ile, Concilie alikuja Kimanga na kuku. Alimshukuru Sidonie kwa adabu yake. Akawaambia majirani kwamba mukazana wake amesoma lakini hajaharibika.

"Nilimpika yule kuku," Sidonie anasema. "Tulimla na watoto. Alikuwa mtamu."

Ngendakumana alimeza vidonge hadi mwezi wa kumi. Alitapika, alikonda zaidi, akaendelea kumeza. Mwaka huu vita ikashuka.

Mwezi wa pili, baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi, Uvira iligeuka mji wa watu wanaokimbia. Waliokuwa na pesa ya boti walishuka bandari ya Kalundu kutafuta njia ya Kalemie. Wengine walivuka Kavimvira kuingia Burundi, godoro kichwani. Risasi zililia mjini siku kadhaa, na maduka yakavunjwa.

Bruno, mume wa Sidonie, alipanda boti na watoto wao wawili, Bella na Délice. Sidonie alisema atafuata baada ya siku mbili. Aliichomoa sonda kwenye mashine, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuizika kwenye gunia la unga wa muhogo.

"Bila sonda, mashine ni televisheni iliyokufa. Wanaweza kuibeba, haitawasaidia. Nilikaa na gunia langu. Siku mbili zikawa saba, watu wakaanza kugonga mlango. Mimba hazikukimbia."

Siku ya nane waligonga Ngendakumana na Concilie. Baba mkwe alikuwa ametembea kutoka Katogota pamoja na watu wa kijiji chake, akilala njiani, mkono mmoja umeshika tumbo upande wa kushoto, chini.

Sidonie alianza juu, kama mara ya kwanza. Kitenge kilikuwa pale pale. Tezi zilikuwa zimeongezeka, na kubwa ilikuwa imefika milimita hamsini na mbili. Alijua kwamba kifua kikuu kilichotibiwa kwa dawa miezi sita hakipaswi kukua namna hiyo. Akaweka sonda chini, akafuta mikono.

"Baba, naomba ushushe suruali."

Concilie alikuwa amekaa kwenye kiti cha Octave.

"Mukazana, umesema nini?"

"Nimesema ashushe, mama."

"Kuko Octave."

"Octave iko Bujumbura."

"Basi tutangoja Octave."

"Huyu hawezi kungoja Octave, mama."

Concilie aliinuka. Mlangoni alisema neno moja la Kirundi, *ishano*, linalosemwa mbele ya balaa ambayo haikupaswa kuonwa na macho ya watu. Kisha akaenda zake Rugenge peke yake, katika mji uliojaa risasi, kuliko kubaki katika chumba kile.

Ngendakumana aligeuza uso ukutani na kushusha.

Upande wa kulia Sidonie alikuta korodani nzima, rangi ya kijivu laini, sawasawa kila mahali, kama uji uliopikwa vizuri. Upande wa kushoto mfuko ulikuwa mtupu. Akapandisha sonda kwenye kinena, njia ambayo korodani hushukia. Hakuna kitu. Akavuka juu zaidi, akaweka sonda pembeni ya kibofu, akabonyeza.

Pale kulikuwa na uvimbe wa sentimita saba. Kijivu chake kilikuwa cha mabaka, mahali cheusi, mahali cheupe, na alipowasha rangi za kuonyesha mwendo wa damu, uvimbe wote uliwaka nyekundu na bluu. Aliufuata mshipa unaoulisha. Ulipanda juu kuelekea kwenye figo, kule unakoanzia mshipa wa korodani.

"Nikajiambia, tulia, piga picha, pima urefu, pima upana. Nikafanya kazi. Nililia baadaye."

Katika karatasi aliandika kwamba korodani ya kushoto haikushuka, kwamba ipo tumboni, kwamba inadhaniwa kuwa na saratani, na kwamba tezi za juu huenda ni za ugonjwa huo huo. Eko haitoi hukumu ya mwisho. Inaonyesha mahali pa kwenda.

Dokta Sévère alimpasua wiki mbili baadaye, mji ulipotulia kidogo. Kipande cha uvimbe kilivuka mpaka ndani ya chupa ya dawa, kikiwa katikati ya miguu ya dereva wa teksi, hadi maabara ya Bujumbura. Jibu lilikuja. Saratani, lakini ya aina inayosikia dawa hata ikiwa imefika kwenye tezi.

Kuanzia mwezi wa tano Ngendakumana alivuka Kavimvira kwenda kutundikiwa dawa, mizunguko minne. Kila safari alitia karatasi za hospitali ndani ya shati, kifuani, maana mwanaume wa umri wake akivuka mpaka huulizwa ametoka kupigana wapi. Kichwa chake hakikuwa na unywele mmoja. Nywele zimeanza kurudi sasa, laini kama za mtoto.

Wataalamu walimwambia apimwe tumbo kila baada ya miezi mitatu. Tezi zikianza kukua tena, lazima zionekane mapema. Kuvuka hataki tena. Kwa hiyo ni Sidonie.

Dokta Sévère alipoulizwa kama ile miezi kumi, kati ya eko ya kwanza na ya pili, ndiyo iliyoukuza ugonjwa kiasi hicho, alijibu kwa tahadhari.

"Tezi zilikuwapo tayari mara ya kwanza. Ila zilikuwa ndogo, na mtu alikuwa na nguvu. Dawa ingekuwa fupi labda. Siwezi kuapa."

Anajua nia ya Sidonie na hakuipenda. Alimwambia asiseme. "Vidonge niliviandika mimi. Sikumvua suruali hata mimi, nami ni mwanaume na si mkwe wake. Tumekosa sote. Akijua, atatuamini tena?"

Sidonie anasema daktari alisema hivyo kwa wema.

Tangu mwezi wa pili, nyumba ya Rugenge imefungwa kwake. Concilie alituma ujumbe wa sauti kwenye simu, sekunde kumi na moja. Asikanyage pale hadi aitwe. Hajaitwa. Wanapokutana njia ya soko, mama mkwe anavuka upande wa pili wa barabara na kusimama akiangalia ziwa hadi Sidonie apite.

Bruno yuko Kalemie bado. Habari ilimfikia. Hakugomba.

"Angegomba ningejua pa kuanzia," Sidonie anasema. "Anapiga simu Jumatano na Jumamosi. Watoto wananipa habari za shule. Yeye akichukua simu ananiuliza hali ya usalama. Usalama iko namna gani, barabara iko namna gani, bei ya unga iko namna gani. Kama mtu wa redio. Nikimjibu anasema asante."

Anaishi katika chumba cha nyuma cha kituo. Kutwa nzima anaongea na watu waliolala chali, wakiangalia dari. Vuta pumzi, shika, achia. Wakiondoka, sauti hiyo ndiyo sauti ya mwisho aliyoitoa hadi kesho yake. Anapika ndagala, dagaa wa ziwani, na bugali kwa kipimo cha watu wanne kwa sababu mkono umezoea, kisha anakula siku mbili.

Kinachomuuma ni hesabu yao ilivyokaa.

"Wananihukumu kwa siku niliyofanya kazi yangu. Siku niliyoiacha kazi yangu waliniletea kuku. Nikiomba msamaha kwa kumvua baba, nitakuwa nasema uongo. Kosa langu ni lile la kwanza, na hilo hakuna mtu aliyenidai."

Saa sita na robo, benchi limebaki na mtu mmoja. Sidonie anatoka nje, anasimama mbele yake, macho kwenye sakafu.

"Baba, karibu."

Ngendakumana amekubali gazeti likae nyuma ya pazia na amekubali jina lake liandikwe. "Andika yote. Katogota kuko wanaume wengi wenye kuficha," anasema. Anaweka mkoba juu ya kiti cha Octave na kuanza kufungua shati.

"Baba, kabla ya kulala, niko na neno."

"Sema."

"Mwaka jana, mwezi wa nne, nilikupima nusu."

Vifungo vinasimama.

"Tulikufunika na kitenge," Sidonie anaendelea. "Nilipima mpaka kwenye kitenge, nikaishia pale. Mtu mwingine ningemwambia atoe. Ningeona upande mmoja hakuna kitu, ningetafuta, ningekipata. Vidonge vya kifua kikuu ulivinywa juu ya karatasi yangu. Haikuwa kifua kikuu. Nilijua kwamba nilipaswa kuangalia, na sikuangalia, juu uko baba."

Nje pikipiki inapita, inapungua mwendo, inaondoka.

"Miezi sita," anasema Ngendakumana.

"Sita ya vidonge. Na minne ya kungoja."

"Vilikuwa vinanitapisha."

"Najua."

"Haujue."

"Ndiyo, baba. Sijui."

"Nani mwingine anajua?"

"Dokta Sévère."

"Na Concilie?"

"Hapana."

Kitanda kinalia. Amekaa ukingoni, hajalala. Anaporudi kusema, sauti yake imekwenda chini, na Kiswahili chake ni cha mtu anayeongea na magoti yake mwenyewe.

"Ile siku, kitenge, nani alikishika?"

"Kilikuwa juu yako, baba."

"Minye njo nilikishika. Na mikono mbili. Ungekivuta, ningekupiga." Anapumua. "Tangu niko mutoto nilijua niko na moja. Mama alisema nisiseme, batanikosesha bibi. Bibi nilimupata, watoto bane tukazaa, ata yeye sikumuambia. Dokta aliniuliza kama kuko kitu kingine, nikasema hapana. Weye haukuuliza. Nilishukuru Mungu haukuuliza."

"Hiyo haitoe kosa yangu, baba."

"Sikusema inatoa."

Kisha mkanda wa suruali unafunguliwa.

"Pima," anasema. "Yote."

Sidonie anapima kwa dakika ishirini na tano. Anaanzia kwenye ini, anashuka figo moja hadi nyingine, anarudi kwenye mshipa mkubwa na kukaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine. Vuta pumzi, baba. Shika. Achia. Anashuka kwenye kovu la upasuaji, anashuka kwenye kinena, anamaliza kwenye korodani iliyobaki. Anafanya hivyo kama anavyofanya kwa kila mtu, isipokuwa kila anapotaka mgonjwa ageuke anasema naomba.

Tezi iliyokuwa na milimita hamsini na mbili imebaki na kumi na nne. Nyingine hazionekani. Korodani ya kulia ni nzima.

"Nimepona?" anauliza Ngendakumana, akifuta jeli tumboni kwa karatasi.

"Neno hilo siwezi kulisema bado. Naweza kusema zimepungua sana. Turudie mwezi wa kumi na mbili."

"Nitarudi."

Anavaa. Sidonie amegeukia ukuta akingoja amalize. Ndipo anapomuuliza kama angeweza kufikisha jambo lile Rugenge, kwa Concilie.

Ngendakumana anakataa bila ukali. Mwanaume hawezi kusimama mbele ya mke wa marehemu kaka yake akaanza kueleza jambo la namna ile, anasema. Hata kwa dawa kali alizotundikiwa, nguvu hiyo hana. "Yako, uipeleke weye." Anachukua mkoba, anatikisa kichwa kidogo upande wa Sidonie, na anatoka. Ameagana na mukazana wake kama baba mkwe anavyoagana, bila kumshika mkono.

Sidonie anakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Hali chochote. Baada ya muda anavuta fomu za kesho na kuonyesha mstari alioupigisha chapa wiki iliyopita, chini ya jina na umri. Swali ni la wanaume wote wanaotumwa kupimwa tumbo, wa ukoo wowote, na linajibiwa kwa kalamu kabla mtu hajalala kitandani: *Korodani zako ziko mbili ndani ya mfuko? Ndiyo. Hapana. Sijui.* Mtu asiyejua kuandika anatia alama. Hakuna anayepaswa kusema kwa mdomo.

Wanaume kumi na tisa wamejibu hadi leo. Mmoja, mwenye umri wa miaka ishirini na mbili, alitia alama kwenye "Hapana". Amekwisha kuonwa na Dokta Sévère. Sidonie anataka pia kwenda kwa wauguzi wanaochanja watoto wachanga, awaombe wawashike wavulana pande zote mbili kabla ya kuwarudisha kwa mama zao. Kazi hiyo haihitaji mashine wala umeme.

Lakini Jumapili ana safari nyingine. Atatoka ibadani, atapanda hadi Rugenge kwa miguu, na atamwambia Concilie juu ya siku ile aliyomletea kuku.

Na kama mama mkwe hatamfungulia?

"Ule mlango ni wa bati," Sidonie anasema. "Nitasimama nje na kusema. Sauti itapita."